UZI: Una saa chache Istanbul, Addis au Dubai ukisubiri ndege? Someni hapa kabla hamjatoka uwanjani

Mkulima wa Kiwira

Mugonile wana Mbeya, kamwene wana Iringa, na wote wa Njombe, Songwe na Rukwa mnaopita humu.

Naanzisha uzi huu kwa sababu watu wetu sasa wanasafiri. Zamani aliyetoka Tukuyu kwenda nje ya nchi alikuwa mchungaji au mwanafunzi wa serikali. Leo ni mkulima wa parachichi anayekwenda Berlin kwenye maonyesho ya matunda ya kila Februari, ni mama wa Kabwe anayefuata mzigo Dubai, ni kijana wa Mbalizi aliyepata chuo. Karibu wote wanashuka njiani kubadili ndege, na mara nyingi tiketi ya bei nafuu ndiyo yenye kusubiri kurefu. Unajikuta Istanbul tangu asubuhi hadi jioni, unasema ngoja nikauone mji. Ni haki yako kabisa, na mimi ni wa kwanza kukuambia toka ukauone. Ila kuna watu kazi yao ni kukusubiri wewe, mtu wa saa chache.

Nitaeleza lililompata mwenzetu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema andika, wengine wasiingie mkenge huohuo.

Tulikuwa kikundi cha wakulima. Tumetua Istanbul asubuhi, ndege ya Berlin ni jioni. Mzee wetu, mweka hazina wa kikundi, alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi, vile vya kanisani. Tulipofika Eminönü, karibu na daraja la Galata, mimi nikasimama kwenye mashine kuongeza salio la kadi ya usafiri. Mpiga kiwi akapita mbele ya mzee, sanduku la mbao begani, anatembea bila haraka. Brashi ikadondoka. Mzee akaiokota, akamfuata mbio, akamgusa bega. Yule bwana akaweka mkono kifuani, akashukuru kama mtu aliyerudishiwa mtoto wake. Akasema lazima ampigie mzee kiwi, ni zawadi. Mzee akakataa, lakini yule bwana alikuwa ameshapiga goti, mguu wa mzee uko juu ya sanduku, na dawa imeshapakwa. Huku anasugua anasimulia kwa Kiingereza cha kuokoteza: ametoka Ankara, ana watoto, mmoja yuko hospitali. Alipomaliza kiatu cha pili ndipo akataja bei. Kwa hesabu ya siku ile, pesa hiyo ingenunua viatu vingine Mwanjelwa na chenji ikabaki.

Mzee akatoa. Hakutoa kwa sababu aliamini ile hadithi. Alitoa kwa sababu mtu amepiga goti mbele yake, ameshika miguu yake, anasema ana mtoto mgonjwa, na wenzake wanaangalia saa. Baadaye tukiwa tunasubiri feri nikamwona bwana yuleyule ng'ambo ya barabara. Brashi ikadondoka tena, safari hii mbele ya vijana wawili wenye kamera.

Kilichonikera si pesa. Kilichonikera ni kwamba mchezo ule umejengwa juu ya malezi mema. Kwetu kitu kikidondoka unaokota na kumwita mwenyewe, na mtoto wa Kinyakyusa anafundishwa hivyo kabla hajaenda shule. Ukikaribishwa chai hukatai. Mtu mzima akikusalimia husimami ukamkazia macho, unaitikia na kuuliza za nyumbani. Mambo hayohayo matatu ndiyo wanayoyatumia. Mtu mkorofi, asiyesalimia wala kuokota, anapita salama. Anayelizwa ni yule aliyelelewa vizuri. Ndiyo maana nawaomba, kwenye uzi huu tusimcheke aliyelizwa wala kumwita mshamba. Nimeona watu wanaficha hata kwa wake zao kwa sababu ya kuchekwa, halafu jirani yake anakwenda mwezi unaofuata na kulizwa palepale.

Mtego wa pili wa Istanbul uko Sultanahmet, pale penye Ayasofya na Msikiti wa Bluu. Mtu nadhifu, Kiingereza safi, anakuambia msikiti umefungwa kwa sasa, wanasali, utafunguliwa baadaye. Mara nyingine ni kweli, maana wakati wa swala wageni hawaingii. Kisha anasema wakati unasubiri njoo unywe chai dukani kwa mjomba wangu, hapo nyuma tu. Chai inakuja kwenye vile vikombe vidogo vya kioo, ya tufaha au ya rangi. Halafu vijana wanaanza kukunjua mazulia sakafuni, moja baada ya jingine, wanatoka jasho, na kila zulia linalokunjuliwa linakufanya uone aibu zaidi kuondoka mikono mitupu. Zulia lenyewe huenda likawa zuri. Lakini wewe uliingia kunywa chai, na ndege yako ni saa kumi na moja.

Wa tatu unawahusu zaidi vijana wa kiume, maeneo ya Taksim jioni. Mtu anakuomba kiberiti, au anakuuliza saa. Mnaongea mpira. Anasema na yeye ni mgeni hapa, amekuja kikazi, twende sehemu moja tukae kidogo. Mkikaa wanakuja wasichana, vinywaji vinaletwa ambavyo hukuagiza, na bili inapokuja mlangoni wamesimama mabaunsa. Huu ni hatari kuliko yote, na hauna dawa ukishakaa. Dawa yake ni kutokwenda.

Karibuni mchangie, hasa mliopita Addis na Dubai.

Fundi Mwanjelwa

Mkuu, pole kwa mzee. Ila mimi neno mtego nalipinga. Nauza spea hapa Mwanjelwa. Mteja akija hajui bei, nikamtajia, akalipa, nimemkosea nini? Mzungu akipita sokoni parachichi la mia tano linakuwa la elfu mbili na hakuna anayeitisha kikao. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Songwe, teksi inamtajia bei ileile ya mtu wa Iyunga? Kwa nini Mturuki awe tapeli na sisi tuwe wafanyabiashara? Mgeni kulipa zaidi ni jambo la dunia nzima.

Mkulima wa Kiwira

Fundi, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa heshima.

Mimi naangalia kitu kimoja: bei imetajwa lini. Wewe dukani kwako unataja bei kabla mteja hajachukua bearing. Akiona ni kubwa anavuka barabara kwa jirani yako, na akigundua umempiga cha juu atarudi kesho na ile bearing mkononi, mbele ya wateja wako wengine. Hiyo ni biashara, hata ikiwa na tamaa ndani yake. Yule mpiga kiwi hakutaja bei mpaka viatu vimekwisha. Kule Taksim bei haitajwi mpaka chupa ziko wazi. Na yeye anajua kwamba huwezi kurudi kesho. Kesho uko Berlin. Huwezi kwenda polisi kuandika maelezo ukakosa ndege. Ukiwa na wiki nzima Istanbul unapata muda wa kujua chai ni bei gani, teksi ni bei gani, nani mkweli. Ukiwa na saa tano huna hata mmoja wa kumuuliza, isipokuwa yuleyule aliyekukaribisha.

Na kuhusu parachichi la elfu mbili, mimi sifurahii hilo pia. Mgeni anayepita Mbeya usiku mmoja akielekea Malawi ana saa chache kama sisi tulivyokuwa nazo. Tukimfanyia hivyo tunamfanyia lilelile.

Kahawa Mbozi

Nichangie ya Addis Ababa, maana wengi wa Dar wanapitia huko.

Kwanza kabisa, kabla ya kufikiria kutoka: kama tiketi yako ni moja, kusubiri ni kurefu na hakuna ndege ya mapema zaidi ya kukuunganisha, shirika la ndege lenyewe huwa linatoa hoteli, chakula na gari la kukupeleka. Masharti yapo, kwa hiyo uliza unapokata tiketi, na ukifika uwanja wa Bole uliza tena kaunta. Nimeona Watanzania wamelala sakafuni uwanjani na haki yao ya kitanda ipo.

Sasa mji. Waethiopia ni watu wakarimu sana na kahawa kwao ni ibada ya nyumbani. Wanakaanga buni mbele yako, moshi unapitishwa unuse, wanatwanga, wanachemsha kwenye jebena, kile chungu cheusi chenye shingo, na unanywa mara tatu: ya kwanza wanaiita abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Mtu wa Mbozi aliyezaliwa kwenye mibuni ukimwonyesha hilo anasahau hata jina lake. Nilikaa pale nikajiuliza kwa nini sisi tunaolima kahawa miaka yote tunakunywa chai ya maziwa asubuhi.

Mtego unaingilia hapohapo. Vijana wawili watatu wanajitambulisha kuwa ni wanafunzi wa chuo kikuu, wanataka kufanya mazoezi ya Kiingereza. Wanakuambia leo kuna sherehe ya utamaduni, kahawa na ngoma, bure, nyumbani kwa dada yao. Unapelekwa kwenye nyumba ya kawaida, ndani kuna muziki, wasichana wanacheza, tej, pombe yao ya asali, inamiminwa, wenyeji wako wanaagiza na wao. Mwisho bili ya wote ni yako. Kahawa halisi ya barabarani unaipata kwa mama aliyekaa kwenye kigoda kidogo na majani mabichi yametandazwa chini mbele yake. Kikombe ni bei ndogo, na wenyeji unaowaona wamekaa pembeni yako ndio ushahidi wako.

La pili la Addis: vijana wanaouza soksi, karanga au pipi wanakuzunguka kwa karibu, mmoja anakusogezea bidhaa kifuani, na mkono wa mwingine uko mfukoni kwako. Au mtu anakumwagia kitu kwenye koti na kuomba radhi huku anakufuta. Ukifutwa, shika simu.

Na la tatu si mtego ila limewakosesha watu ndege. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: asubuhi ikipambazuka ni saa 12, inayofuata ni saa 1. Lakini tiketi yako imeandikwa kwa hesabu ya kimataifa. Dereva akikuambia kwa Kiingereza nitakufuata saa 2, muulize ni saa 2 ya nani. Hiyo sisi tunaielewa haraka kuliko Mzungu yeyote, tuitumie.

Mwenye saa za kutosha aende Makumbusho ya Taifa kumwona Lucy, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu waliyemfukua Hadar tarehe 24 Novemba 1974. Ana umri wa miaka takriban milioni 3.2. Wenyewe wanamwita Dinkinesh.

Bint Mufindi

Asante Mkulima kwa kusema tusiwacheke watu. Dada yangu alilizwa hukohuko Sultanahmet na alikaa kimya mwaka mzima.

Naongeza kwa akina mama. Msikiti wa Bluu kuingia ni bure. Rudia, BURE. Anayekuuzia tiketi ya Msikiti wa Bluu anakuibia. Wageni wanasubiri swala iishe, na Ijumaa wanasubiri zaidi, basi. Mlangoni kuna mitandio ya kuazima kwa wasiokuwa nayo, lakini barabarani watu watakuuzia mtandio kwa bei ya kitenge cha maana wakikuambia bila huu huingii. Weka kanga moja kwenye begi la mkononi. Itakufunika kichwa msikitini, itakuwa shuka kwenye ndege na mto uwanjani.

Ayasofya ni tofauti. Ilijengwa kama kanisa, ikakamilika mwaka 537, ikawa msikiti 1453, baadaye makumbusho, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Wanaokwenda kusali wanaingia chini bila malipo. Mgeni wa kutalii anapelekwa ghorofani, na tangu Januari 2024 analipa euro 25. Hiyo ni bei halali, imeandikwa. Kuna watu nje watakuuzia "bila foleni" kwa zaidi ya hapo. Kama una saa tatu tu mjini, mimi nasema kaa nje uitazame, kisha ingia ule wa bure ulio mkabala. Euro 25 ni ada ya mtoto.

Teksi. Dereva akikataa kuwasha mita, shuka. Na noti zao usizitoe kama unagawa karata. Mchezo wao uko hivi: unampa noti kubwa, anainamisha mkono chini kidogo, anaunyanyua na noti ndogo ndani yake, anakuambia umenipa hii, ongeza. Wewe umechoka, noti ni ngeni machoni, unaamini umekosea. Itaje kwa sauti unapoitoa, huku ukiwa umeishika: hii ni mia mbili. Akiiona umeishika na umeitaja, mchezo unaishia hapo.

Mpakani TDM

Bint Mufindi umegusa kazi yangu. Mimi ni wa Tunduma, nimekulia kwenye kwacha na shilingi.

Sheria ya mpakani: kabla ya kubadili pesa ya nchi usiyoijua, zitazame noti zake kwanza kwenye simu, noti zote zinazotumika, rangi na picha. Nchi nyingi zimewahi kukata sifuri kwenye pesa zao. Zambia ilikata 3 tarehe 1 Januari 2013. Uturuki ilikata 6 tarehe 1 Januari 2005. Ukipewa chenji yenye noti ya sifuri nyingi huko Istanbul, umepewa karatasi.

Usibadili pesa nyingi uwanjani, kiwango chake ni cha mtu asiye na pa kwenda. Badili ya nauli tu, nyingine mjini. Na hesabu mwenyewe, mkononi mwako, ukiwa wa mwisho kuzigusa. Wanaokuhesabia mbele ya macho yako halafu wanazikunja, ni wakati wa kukunja ndipo noti zinapobaki kwao.

Kuna mtego mwingine ambao hata mjanja unampata, kwa sababu hauna mtu, una mashine. Ukilipa kwa kadi hotelini au dukani, mashine inakuuliza ulipe kwa lira au kwa pesa ya kadi yako. Unaona shilingi au dola, unafurahi kwa kuwa ni pesa unayoijua, unabonyeza. Hapo umekubali kiwango cha kubadilishia cha mwenye mashine, ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Chagua pesa ya nchi uliyopo, kila mara. ATM nazo zinauliza hivyohivyo. Muuzaji akitaka kukubonyezea yeye, mwambie nipe nibonyeze mwenyewe.

Mama Vitenge Kabwe

Dubai ni kwangu hapo.

Soko la dhahabu la Deira lenyewe halina shida kwa mwenye kuuliza. Bei ya gramu kwa siku ile inajulikana, na inatofautiana kwa karati 24, 22, 18. Kinachobishaniwa ni gharama ya ufundi inayoongezwa juu. Muulize muuzaji vitu viwili tofauti: gramu ni kiasi gani leo, na ufundi ni kiasi gani. Akikupa namba moja tu ya jumla, hataki ujue. Risiti iandikwe uzito na karati.

Mtego uko njiani kabla hujafika dukani. Vijana wanakunong'oneza saa, mikoba, miwani. Ukikubali wanakupitisha vichochoroni, ngazi za nyuma, chumba cha juu kisicho na dirisha, mlango unafungwa nyuma yenu. Mwanamke peke yake na pesa za watu za mzigo, usipande ngazi hizo hata kwa dakika moja.

Na zafarani kwenye soko la viungo! Anakuonjesha, anakunusisha, anataja bei ndogo. Wewe umesikia bei ya kikopo, yeye ametaja bei ya gramu. Anachota, anapima, anafunga kwa utepe, kisha anapiga hesabu. Nimemwona mama wa Makambako ametoa nusu ya pesa ya vitenge kwa zafarani. Muulize, hii yote kwenye mfuko ni kiasi gani, kabla hajachota.

Kuvuka mfereji kutoka Deira kwenda Bur Dubai kwa boti ya abra ni dirhamu 1. Watakaokuita pembeni kwa boti ya peke yako watakutajia mara nyingi zaidi. Panda na wafanyakazi, keti ubaoni, upepo na mandhari ni ileile. Metro nayo inatoka uwanjani, terminali 1 na 3. Dubai iko saa moja mbele yetu, msijisahau. Istanbul na Addis saa ni sawa na za Mbeya.

Gangilonga

Naongea kama muongoza wageni hapa Iringa, nawapeleka watu Ruaha na Isimila. Mnayoyasema nayaona kutoka upande wa pili.

Kinachoendesha mambo haya ni kamisheni. Yule nadhifu wa Sultanahmet hana zulia hata moja. Analipwa na duka kwa kila mgeni anayenunua, na bei ya zulia imeshapandishwa ili imlipe yeye. Ndiyo maana mzunguko wa bei poa sana, au wa bure unaouziwa barabarani, unasimama kwenye maduka matatu kabla ya kufika kwenye kivutio. Muda wako ndio uliouzwa. Kwetu pia yapo: mgeni anashuka basi, anapokelewa na mtu asiye na ofisi, anauziwa Ruaha ya siku moja kwa bei nzuri, akifika getini ndipo anaambiwa kiingilio cha hifadhi hakimo. Na kutoka Iringa mpaka getini ni zaidi ya kilomita 100, hawezi kugeuza. Analipa.

Mimi mgeni akitaka kununua kitu nampeleka Neema Crafts, anamwona kwa macho yake fundi mwenye ulemavu akifuma au kushona, anajua pesa inakwenda wapi. Kwa hiyo mkiwa nje, mtu akijitolea kuwaongoza, muulizeni bila kuona haya: nani anakulipa? Muongozaji halali hachukii swali hilo. Mimi nikiulizwa nafurahi.

Mgeni Njombe

Wakuu uzi huu umekuja wakati wake. Nakwenda Berlin Februari, ni parachichi pia. Nitakaa Istanbul saa 9. Nitoke au nibaki? Na baridi?

Mkulima wa Kiwira

Mgeni, hongera sana.

Saa 9 si saa 9. Toa saa moja ya foleni ya uhamiaji. Uwanja uko mbali na mji wa kale, basi au metro na kubadili ni kama saa moja na nusu kwenda, na hivyohivyo kurudi, na foleni ya magari ya Istanbul haina huruma. Rudi uwanjani saa mbili na nusu kabla ya ndege. Unabaki na takriban saa mbili na nusu za mji. Zinatosha kwa jambo moja zuri, hazitoshi kwa manne. Mtu aliye na chini ya saa 6 mimi namwambia abaki ndani.

Kama unasafiri na Turkish Airlines, wana mzunguko wa bure unaoitwa Touristanbul kwa abiria wa kuunganisha wa kimataifa wanaosubiri kati ya saa 6 na 24. Gari, muongozaji, na mlo kulingana na muda, na wanakurudisha uwanjani. Dawati lao liko ukumbi wa kuwasili. Ratiba zina saa maalumu, kwa hiyo linganisha na muda wako wa kutua. Ndiyo njia ninayompendekezea mtu wa mara ya kwanza, kwa sababu ndani ya basi lile hakuna wa kudondosha brashi.

Ukitaka kwenda mwenyewe, nenda Eminönü, panda feri ya umma kwa kadi ya usafiri kwenda Üsküdar au Kadıköy, urudi. Ni feri ya wafanyakazi, nauli ndogo. Unavuka kutoka Ulaya kwenda Asia na kurudi, unaona misikiti yote mlimani, shakwe wanafuata meli wakirushiwa vipande vya simit, mkate wao wa duara. Mzee wetu baada ya yale ya viatu alikaa nje kwenye ubao wa feri na chai yake ya bei iliyoandikwa, akasema hapa sasa nimeiona Istanbul. Wenye vibao vya "Bosphorus cruise" watakuita ukutani pale, wapite. Soko Kuu la Kapalıçarşı Jumapili limefungwa, usipoteze safari.

Baridi ya Februari kule ni ya unyevu na upepo wa bahari. Mtu wa Njombe haitamtisha, beba koti lako la Julai.

Fundi Mwanjelwa

Nimesoma yote. La bei kutajwa mwisho nakubali, hilo ni wizi, hata hapa gereji yupo fundi anayefungua injini kwanza halafu ndiyo anataja. La mgeni kulipa zaidi bado sikubali kwamba ni dhambi. Ila bili ya Taksim nimeielewa. Swali: ikitokea mtu ameshakaa, bili imeshakuja, afanye nini?

Bint Mufindi

Fundi, kwanza usiende nao ATM. Hapo ndipo wanapokukomba akaunti. Weka mezani kiasi cha ulichokunywa kwa makadirio, simama, toka nje kwenye taa na watu, piga 112. Ndiyo namba moja ya dharura kwa Uturuki nzima. Wakikuzuia kwa nguvu, pesa si uhai, toa uondoke, kisha piga benki ukiwa barabarani wazuie kadi. Na kadi yenye akiba ya kikundi usitembee nayo, iache kwenye begi kwa mwenzako.

Mgeni Njombe

Nimehifadhi 112 kwenye simu. La mwisho: viza ya kutoka uwanjani Istanbul naipataje?

Mkulima wa Kiwira

Mtanzania anahitaji viza. Lakini ukishapata viza yako ya Schengen ya Ujerumani, mwenye Schengen hai huweza kuomba e-viza ya Uturuki mtandaoni. Soma masharti kwenye tovuti rasmi ya serikali yao kabla hujalipa, maana kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo na zinatoza mara mbili. Anza Schengen mapema, kwa kuwa miadi ya ubalozini Dar huwa inajaa. Ukikwama niandikie PM, nitakutumia kiungo nilichotumia mimi.